Ijae Kioo Chote

Simu ya Tonton Anselme ilikuwa inanuka samaki. Si samaki mbichi wa mtoni, bali yule wa kukaushwa kwa moto, anayepanda kutoka Yanonge akiwa amepangwa kwenye makapu na kufunikwa majani, ambaye moshi wake ukishaingia vidoleni hautoki hata ukisugua kwa sabuni na majivu. Nyumbani kwetu Mangobo kila mtu alikuwa na vidole vya namna hiyo, kwa sababu mama yangu aliuza samaki na sebule yetu ndiyo ilikuwa ghala. Simu ikishapita mikononi mwa wote waliotaka kuona, ilimrudia mwenyewe ikiwa na mafuta kwenye kioo na harufu kwenye vitufe, naye aliipangusa kwenye shati huku akitutazama kama watu waliomwibia. Ilikuwa simu nzito ya vitufe, na kioo chake kilikuwa karibu mraba, hakizidi kiganja cha mtoto. Leo mtu angeicheka. Wakati ule, katika parseli yetu, yaani ule ua mmoja tuliokaa sisi na ndugu wote wa Papa, hakukuwa na simu nyingine iliyoweza kuonyesha video, na mwenye simu ndiye aliyekuwa mwenye sauti.

Ngoja nijitambulishe kabla hasira haijanipeleka mbali. Naitwa Furaha, na jina lisikudanganye. Nimezaliwa Kisangani na bado niko hapa hapa. Nina mume, nina watoto, nauza vitenge sokoni, na wateja wangu husema mimi ni mtu mpole. Ni kweli, mpaka litajwe jambo la ile video. Tonton Anselme alikuwa kaka mkubwa wa Papa, na wazazi wao walipokwisha kufariki yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia: yeye alipokea wageni, yeye alikaa kiti cha mbele kwenye ndoa na misiba, yeye alisema neno la mwisho. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini, ambaye darasani watoto walimwogopa, na mbele ya kaka yake aligeuka mtoto mwenyewe. Nilikuwa bado mdogo, lakini hilo nililiona mapema, na lilinikera mapema.

Msimu ninaousimulia ulianza kwa harusi. Ilikuwa likizo kubwa ya shule, na Tantine Odette, dada mdogo wa Papa na Tonton, alikuwa anaolewa na mtu wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kwetu bibi harusi hatabasamu. Akitabasamu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka kwao, kwa hiyo hukaa ameinamisha uso, mikono mapajani, na hata jasho hajipangusi mwenyewe. Kazi hiyo ni ya wifi yake, mke wa kaka, ambaye husimama kando yake tangu mwanzo hadi mwisho na kitambaa cheupe mkononi, anapangusa paji la uso, anapangusa shingo, anarudi kusimama. Wifi huyo alikuwa mama yangu. Alisimama kushoto kwa Tantine Odette siku nzima, amevaa kitenge cha njano na kijani, na mdogo wangu Plamedi akiwa mgongoni kwake, mtoto ambaye hata jino moja hakuwa nalo. Kulia, upande wa bwana harusi, alisimama Tonton Anselme na koti lake la kijivu, mikono nyuma, kifua mbele. Mpiga video alikuwa amepata kamera mpya, ile inayopiga picha pana, na alijisifu kwa kila mtu kwamba safari hii hakuna atakayebaki nje.

Video ilirudi kwenye disque, ile sahani nyembamba inayong'aa, na tuliiona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya Papa, jioni ambayo umeme wa bwawa la Tshopo ulikumbuka upande wetu. Kwa kuwa picha ilikuwa pana na televisheni ile ya zamani ilikuwa fupi, kukawa na mstari mweusi juu na mstari mweusi chini, na harusi ikipita katikati. Hakuna aliyejali. Tulikuwa tunatafutana. Mama alikuwa ameketi chini akitwanga pilipili, akainua kichwa akajiona anacheza na kile kitambaa hewani, akacheka mpaka akauweka mchi chini. "Kumbe niko nanenepa hivi, na batu wananiacha tu," alisema, na Papa akasema unene ule ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeulipia mahari. Nakumbuka kicheko chake kwa sababu kilikuwa na mkwaruzo kidogo, koo lililozoea moshi. Alikuwa mweusi, mashavu yake yamejaa, na jicho lake la kulia lililegea kidogo akichoka. Nayaandika haya makusudi, kila moja, ili yawepo mahali.

Tonton hakuridhika na televisheni. Alitaka harusi itembee naye mfukoni, aionyeshe kwenye vikao, kwenye bia, kwenye pirogue, ule mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga. Akaipeleka disque sokoni, kwa watu wa vibanda wanaotia nyimbo na video kwenye kadi ya simu, na ikarudi ndani ya simu. Sasa hapo weusi ulionekana. Kwenye kioo kile kidogo, mistari miwili ilikula nafasi kubwa na harusi ikabaki ukanda mwembamba katikati, watu wadogo kama sisimizi wa sukari. Watu wakaanza kunung'unika. Wengine walisema fundi amewafunika, kwamba nyuma ya ule weusi kuna vichwa na miguu ambayo ameificha kwa uvivu. Walibonyeza vitufe, waliinamisha simu huku na huku wakichungulia, eti labda kwa pembeni wataona kilichofichwa. Tulicheka sana siku zile, na hata Mama alichungulia, akasema labda huko nyuma ndiko walikoficha sahani ya nyama ambayo haikumfikia.

Mvua zilipoanza, Mama akaugua. Homa ilimshika siku ya soko, akaiita uchovu, akaenda sokoni. Ikamshika tena, akaiita malaria, akanywa dawa. Na Papa alipombeba kumpeleka hospitali alikuwa hatamki tena maneno yanayoeleweka. Alikufa. Sina namna ya kulipamba hilo, na wanaolipamba huniudhi. Kaka zake wakatoka Opala, wajomba zangu, na kama ilivyo desturi yao wakachukua vitu vya dada yao: vitenge, masufuria, beseni za samaki, na pamoja na hivyo albamu ya picha, kwa sababu ilikuwa ndani ya sanduku lake. Albamu ilikaa kwenye nyumba yao huko, paa likavuja, picha zikagandana zikawa kitu kimoja. Kadi yake ya uchaguzi, aliyokuwa akiifunga kwenye ncha ya kitenge akienda sokoni, ilikuwa imelowa jasho muda mrefu hata sura imefutika, limebaki jina na doa la kijivu. Kwa hiyo Mama wa kuonekana alibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile disque ya harusi, upande wa kushoto wa picha. Nilikuwa mtoto, lakini hesabu hiyo niliijua. Kila nilipotaka kumwona nilimwomba Papa, na umeme ukiwepo aliniwekea, tukatazama wawili, Plamedi akilala.

Na hapo ndipo ujinga ulipoingia, na ulikuwa ujinga wa kwetu wenyewe, hatukuletewa na mtu. Katika familia yetu, mtu akifa, picha yake hufungwa utepe mweusi pembeni mpaka siku ya kuondoa matanga. Sasa wakwe wa Tantine Odette kule Lubunga walikuwa wameiona video kwenye simu ya Tonton, na habari ya kifo ilipowafika wakaunganisha. Wakasema: ninyi mlituletea harusi imevaa matanga. Weusi juu, weusi chini, mlifikiri hautatafuta mtu wa kuuvaa? Mama mkwe akaanza kumwangalia Tantine Odette vibaya, akakataa kula chakula alichopika. Tantine alivuka mto akaja akilia mbele ya kaka zake. Na badala ya watu wazima kuketi na kusema kwamba weusi ule ni umbo la picha na umbo la kioo tu, familia nzima, na wasomi wake ndani, Papa wangu mwalimu akiwemo, ikatikisa kichwa na kukubali kwamba weusi ule lazima uondolewe. Tonton akatangaza kuwa siku ya kuondoa matanga ya Mama, video itaonyeshwa imejaa kioo chote, bila utepe, na wakwe watakuja kuona kwa macho yao.

Alipoenda sokoni na disque nilimfuata. Hakunituma, wala hakunikataza. Nilishika disque mikononi mwangu nikasema nitaibeba mimi, na kwa kuwa nilikuwa yatima mpya aliona haya kuninyang'anya. Kibanda kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya bluu, mashine ya umeme ikinguruma nyuma yake na kutema moshi wa mafuta, kiasi kwamba fundi na wateja walisema kwa kupaza sauti kama wagomvi. Fundi aliitwa Sele, mtu wa Maniema, mwenye kofia ndogo ya kufuma na kompyuta iliyojaa vumbi. Aliiweka harusi kwenye kompyuta, akasikiliza shida ya Tonton, akacheka.

"Patron, hii haiko kitambaa ya matanga," alisema. "Picha iko pana, kioo yako iko mufupi. Ukitaka ijae, lazima nikate pembeni."

"Kata," Tonton akasema. "Miye sitaki kuona weusi hata kidogo. Nataka ijae kioo yote."

Sele akachora kisanduku juu ya picha. Nilikuwa nimesimama karibu na bega lake na nilikiona kwa macho yangu: ndani ya kisanduku walikuwa Tantine Odette na bwana wake, na nje, kushoto, alikuwa Mama na Plamedi mgongoni, na nje, kulia, alikuwa Tonton na koti lake. Kisha Sele akakisogeza. Akakivuta kushoto, Mama akaingia mzima mzima, na Tonton akapotea kabisa. Akakivuta kulia, Tonton akaingia, na Mama akatoka.

"Alors, uchague," Sele alisema. "Nikivuta huku, ule mama anaingia, lakini weye unatoka. Nikivuta huku, weye unaingia."

Nikasema, "Tonton, Mama iko inje." Nilisema kwa sauti, kwa sababu ya ile mashine. Nilimshika mkono. "Mwambie avute huku. Mama iko inje."

Wateja wawili watatu waliokuwa wakingoja walicheka, si kwa ubaya, watu hucheka. Tonton Anselme hakunitazama. Alijitazama yeye, pale kwenye kompyuta, amesimama na kifua chake, akainama kidogo ajione vizuri. Mpaka leo naona shingo yake ilivyoinama. Kisha akasema, na maneno yake nimeyabeba tangu siku hiyo: "Ndoa bila mukubwa wa famille, hiyo ni ndoa gani? Bon. Vuta kwangu." Na kwangu mimi akasema, bila ukali, kana kwamba ananibembeleza: "Mama yako iko mbinguni, Furaha. Huko haiko inje."

Sele alinitazama. Alijua. Kama angesema neno moja tu, kama angesema patron, nifanye zote mbili, moja yako na moja ya mtoto, ingemchukua muda wa kunywa chai. Hakusema. Alibonyeza, na tukangoja mashine imalize kukata, na kwenye kile kisanduku Mama yangu hakuwemo tena, isipokuwa mkono. Kila jasho lilipomtoka Tantine Odette, mkono mweusi ulitokea kutoka pembeni na kitambaa cheupe, ukapangusa, ukarudi ulikotoka.

Ungefikiri yameisha hapo. Mtu angeweza kusema, haya, disque bado ipo. Tulitoka kibandani, Tonton amefurahi, akaita toleka, zile baiskeli za kubeba watu ambazo wakati huo zilijaa mjini kabla ya pikipiki kuzimaliza. Watu wa toleka walipenda kufunga disque nyuma ya gurudumu, kwa kuwa zinang'aa gari likiwamulika na kwa kuwa zinapendeza. Dereva akaiona ile iliyokuwa mkononi mwangu. Akauliza kama bado tunaihitaji. Tonton akaichomoa vidoleni mwangu, akampa, akasema, "Twaa. Yote iko ndani ya simu." Nilipiga kelele mpaka watu wa viazi na wa mafuta ya mawese wakasimama kutazama. Tonton aliona aibu, akanipandisha kwenye baiskeli kwa nguvu, na nikapelekwa nyumbani nimekaa juu ya gurudumu ambalo mama yangu angefungwa nyuma yake.

Nilimwambia Papa. Alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi, akaweka kalamu, akanisikiliza mpaka mwisho, na macho yake yakajaa maji. Nilifikiri sasa atasimama. Nilifikiri atavuka ua, abishe mlango wa kaka yake, aseme. Papa akasema, "Ni mukubwa wangu, Furaha. Nitamwambia nini?" Nikamwambia maneno ya kumwambia, yote, moja baada ya jingine, kwa sababu nilikuwa nayo tayari. Akachukua kalamu yake tena. Papa ameshafariki naye, Mungu amlaze pema, alinilea vizuri na alinipenda, na kalamu ile sijaisamehe.

Disque niliitafuta mwenyewe. Nilitazama nyuma ya kila toleka, njia ya shule, njia ya kanisa, mpaka Jumapili moja baada ya misa nikamwona yule dereva amepumzika chini ya mti wa barabarani. Alikuwa mtu mwema. Nilipomweleza aliifungua pale pale bila kubisha, akaipangusa kwa kofia yake, akanirudishia kwa mikono miwili. Ilikuwa imetobolewa msumari matundu mawili, na matope na changarawe vilikuwa vimeikwangua hata huwezi kujiona usoni. Tuliiweka kwenye mashine ikakoroma, ikaitema. Sele alikuwa ameshaifuta kwenye kompyuta yake, kwenye simu ya Tonton ile ya kwanza ilifutwa ili mpya iingie, na mpiga video naye alikuwa ameshapigia harusi nyingine juu ya kaseti ya kamera yake. Hakuna aliyefanya kosa, wote walikuwa wanafanya kazi zao, na hivyo ndivyo mtu alivyofutwa katika mji huu mchana kweupe.

Siku ya kuondoa matanga, wakwe wa Lubunga walikuja wamevaa vizuri. Kulikuwa na lituma, zile ndizi za kuponda tunazojivunia Kisangani, kulikuwa na samaki ambao safari hii walinunuliwa kwa watu wengine, na simu ikapita mkono kwa mkono. Ilijaa. Hakukuwa na weusi hata kidogo. Mama mkwe akaitazama mpaka mwisho, akasema kweli sasa ni safi, akala chakula cha Tantine Odette mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Tonton akaonekana vizuri sana, mrefu, mzima, mwenye kifua. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aseme: mbona mwenyewe tunayemwondolea matanga hayumo? Watu walikuwa wengi, walimjua, walikula samaki wake kwa deni na kwa bure. Hakuna aliyesema. Wenye simu mpya wakaomba watumiwe, simu zikawekwa bega kwa bega, na kabla ya jua kuzama ule mkono usio na mtu ulikuwa umesambaa familia nzima, mpaka Yanonge, mpaka Opala kwa wajomba wenyewe.

Tangu hapo nimeishi na watu hawa. Nimekula nao, nimewapikia, nimewazika. Watu husema utoto wa zamani ulikuwa na heshima, kwamba mtoto alikaa kimya wakubwa wakizungumza, na kwamba watoto wa leo wameharibiwa na simu. Huniambia hivyo mimi, sokoni, wakipima vitenge, na mimi huwaacha waendelee kwa kuwa nataka wanunue. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa heshima hiyo, na nilikuwa sahihi, na heshima hiyo ndiyo iliyonyamazisha kibanda kizima. Binti yangu akiniingilia nikizungumza na wageni, humkaripia kama mama yeyote, kisha humuuliza alitaka kusema nini. Ni tofauti hiyo tu niliyoiweza.

Simu nazo zimegeuka. Siku hizi vioo ni virefu na vyembamba, ukivilaza vinapita hata televisheni kwa upana. Na ile harusi yetu iliyokatwa ikawa fupi, ikawekwa kwenye simu hizi mpya, weusi ukarudi. Safari hii haukurudi juu na chini. Ulirudi kushoto na kulia, nguzo mbili nyeusi, na ile ya kushoto ilisimama pale pale Mama aliposimama. Sikuuchukia weusi ule. Angalau ulisema ukweli, kwamba hapa palikuwa na kitu na sasa hakipo.

Tonton Anselme, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa fimbo, hakuuvumilia. Mwaka huu Tantine Odette alitaka kusherehekea miaka ya ndoa yake, na Tonton akatafuta kijana mmoja wa Makiso mwenye studio, akamwambia yale yale aliyomwambia Sele. Ijae kioo chote. Kijana hakuhitaji kukata chochote. Siku hizi wana mashine inayobuni: unaipa picha fupi, inakisia kilichokuwa pembeni na kukichora, nguo, ukuta, watu. Mashine ikauona ule mkono na kitambaa, ikautafutia mwenyewe. Video ikaletwa kwenye kundi la familia asubuhi, nami nikaifungua nikiwa nimesimama sokoni. Upande wa kushoto alikuwa amesimama mwanamke. Mrembo, maji ya kunde, shingo ndefu, meno yamepangwa, kitenge cha rangi ambayo Mama hajawahi kuwa nayo. Macho yote mawili yamefunguka sawasawa. Mgongoni hakuwa na mtoto. Na chini yake watu wa familia yangu, waliomjua, waliokula samaki wake, wameandika mmoja baada ya mwingine kwamba wamelia machozi, kwamba kumbe yuko vile vile, kwamba Mungu ni mwema.

Nilifunga meza nikaenda kwa Tonton. Sikumwamkia. Nilimwonyesha simu nikamuuliza huyu ni nani. Alisogeza miwani, akatazama, na akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la mtu anayelipa deni la zamani kwa moyo mweupe. "Furaha, weye hasira yako haiishaki?" alisema. "Ulilia sana juu ya Mama yako kuwa inje. Ona, nimemuingiza." Nilimwambia kwamba alimtoa mama yangu kwa mkono wake ili yeye aonekane, na sasa ameweka mwanamke wa ovyo mahali pake. Nilimwambia mengi, yale yale niliyokuwa nimemwandalia Papa, hayakuwa yamepungua hata moja. Alinisikiliza mdomo wazi. Hakukumbuka. Hakukumbuka Sele, wala kisanduku, wala toleka. Kwake yeye video ilikuwa hivyo tangu mwanzo, yeye kulia, maharusi katikati.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Plamedi. Yule mtoto wa mgongoni ni mtu mzima sasa, anasoma chuo, ana ndevu, anapanga chumba kule karibu na shule yao. Nilimkuta anafua. Simu yake ilikuwa juu ya kiti, na ilipolia kioo kikawaka, na pale mbele, kimejaa juu hadi chini, ulikuwa uso wa yule mwanamke. Alikuwa ameukata kutoka kwenye video akauweka hapo. Akapangusa povu mikononi, akaniangalia kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake, akasema, kwa jina tunalomwita dada mkubwa, "Yaya, haukuniambia Mama alikuwa muzuri hivi."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia pale pale, nimesimama, kwa hasira ile niliyotoka nayo kwa Tonton, ambayo haikuwa yake. Nikasema huyo si Mama, huyo si mtu yeyote, ni uchoraji wa mashine, afute. Nikamwambia Mama alikuwa mweusi, mwenye mashavu, jicho lake la kulia lililegea akichoka, na kwamba siku ile yeye mwenyewe alikuwa mgongoni kwake na wakamkata pamoja naye. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama Papa alivyokuwa akisikiliza. Lakini yeye si Papa. Alichukua simu yake kutoka kwenye kiti, akaiweka mfukoni ambako siwezi kuifikia.

"Weye ulimuona, Yaya," alisema. "Miye nimuone wapi?"

Akarudi kwenye beseni lake akaendelea kufua, na mimi nikachukua shati lililobaki nikaanza kumsaidia kukamua.